Ng'ombe Watangulie

Saa nne na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumamosi, simu ya zamu ililia mfukoni mwangu nikiwa naanika turubai nyuma ya stoo. Aliyepiga alikuwa Mogaka, naibu wa chifu katika kata ndogo moja upande wa Marani. Alikuwa anahema kama mtu aliyetoka kupanda mlima, na kweli alikuwa ametoka kuupanda.

“Mkubwa, ule ufa umefunguka. Juzi uliingia vidole. Leo umeingia mguu wangu pamoja na gambuti.”

“Watu wa chini yake wako wapi?”

“Kanisani, wote. Nimewapigia simu mpaka nimechoka. Hakuna anayeshika.”

Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, na wingu jingine lilikuwa linapanda kutoka upande wa ziwa. Nilimwambia Onchiri, dereva wetu, ashushe nusu ya blanketi alizokuwa amepakia, kwa sababu tungepitia kwa muuza nepia kando ya barabara na tulihitaji nafasi ya mafungu ya majani hayo ya ng'ombe. Onchiri hakuniuliza kwa nini. Ninyi mnaoingia kazi hii sasa mtauliza, na ni vizuri muulize. Nimestaafu mwezi uliopita na nina wakati wa kujibu, lakini jibu linaanzia mbali kidogo na Jumamosi hiyo.

Niliingia kazini kama karani wa stoo ya misaada mjini Kisii. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne. Mengine niliyokuja kuyajua niliyasoma mwenyewe, katika vitabu vya mitumba vilivyotandazwa kando ya barabara: kimoja cha udongo na mmomonyoko, kimoja cha mvua, na kimoja cha huduma ya kwanza ambacho sura yake ya majeraha ya moto ilikuwa imechanwa. Sura hiyo niliipata miaka baadaye katika kitabu kingine, kwa bahati nzuri kabla sijaihitaji.

Mkuu wa stoo alikuwa Bi Kerubo, mama wa makamo aliyekuwa zamani afisa wa kilimo wa nyanjani, akitembelea mashamba ya chai na migomba kwa miguu. Siku yangu ya kwanza alinipa hema likiwa katika mfuko wake, akanielekeza uani, akasema, “Lisimamishe.” Manyunyu yalikuwa yanaanguka. Yeye aliketi mlangoni na chupa ya chai. Nilipambana na lile hema hadi likasimama, ingawa lilikuwa limeinama upande mmoja kama mgonjwa aliyelazimishwa kutembea.

“Sasa likunje,” alisema.

“Limelowa, Bi Kerubo.”

“Nimeona. Kwa hiyo?”

Nilifikiri kidogo, nikasema ningelianika kwanza, hata kama ni hadi kesho. Hapo akanimiminia chai. Sikujua kwamba huo ndio ulikuwa usaili wenyewe, maana ule mwingine wa ofisini ulikuwa tayari umepita. Hema likikunjwa bichi huoza kwenye mikunjo, na siku linapotakiwa linafunguka likiwa matundu matupu.

“Ninyi watu wa ziwani mnajua nyavu,” aliniambia. “Mimi huku nataka hema.”

Utani huo wa ziwani ulinifuata kazi yangu yote. Mimi natoka kaunti za kule chini, na Ekegusii nilijifunza polepole na vibaya, kwa hiyo kazi nyingi niliifanya kwa Kiswahili. Naona ilinisaidia. Mtu anayezungumza nawe kwa lugha ya shuleni hueleza jambo tangu mwanzo, hakisii kuwa unajua. Nilieleweshwa mambo mengi ambayo mwenyeji angeona haya kuyauliza.

Vifaa vya kazi hii si vingi, na vile vya maana ni vya bei ndogo. Kipaza sauti cha mkononi hukaa bila betri. Betri hukaa katika mfuko wa nailoni kando yake, kwa sababu zikivuja ndani mmepoteza vyote viwili. Kamba iwe ya katani, ile ya plastiki huteleza ikilowa. Ufa wa ardhi hupimwa kwa vigingi viwili, kimoja huku na kimoja kule, na uzi uliokazwa kati yao. Asubuhi ukikuta uzi umekatika, huna haja ya kumpigia mtaalamu simu ndipo uanze kuhamisha watu. Unampigia mkiwa mmeshaanza.

Bi Kerubo alinifundisha pia kuuliza kuhusu milango. Ukifika nyumba iliyo kwenye mteremko, usimuulize mwenyewe kama ardhi inasogea. Atasema hapana, kwa sababu hataki isogee. Muulize, “Mlango wa jikoni unafungika?” Ardhi ikianza kutembea, fremu ya mlango hupinda kabla ukuta haujapasuka. Watu husema mlango umevimba kwa mvua. Mara nyingi ni kweli. Mara nyingine si mvua.

Mwaka wangu wa pili radi ilipiga shule moja upande wa Masimba wakati wa masomo. Tulifika tukiwa tumetangulia gari la wagonjwa. Wanafunzi wengi walikuwa wamezinduka, lakini msichana mmoja alikuwa bado amelala kwenye nyasi na watu wamesimama mbali, wakiogopa kwamba aliyepigwa na radi bado ana umeme mwilini. Hana. Umeme umeshapita ukaenda zake. Bi Kerubo hakuhutubia. Alitembea mbele ya watu wote, akapiga magoti, akamshika yule mtoto mkono, akageuka akaniita, “Ouma, njoo. Kifua.” Nilibonyeza kifua kama kitabu changu kilivyoeleza, tukapokezana na mwalimu mmoja, hadi msichana akavuta pumzi. Siku hizi ni muuguzi. Kila nikikutana naye sokoni Suneka ananiambia nimezeeka, nami namwambia asinilaumu, nilitumia nguvu zangu kwake.

Nawaeleza hayo ili muone kwamba mwalimu wangu hakuwa mtu wa maneno mengi. Alitazama watu wanaogopa nini, akaanzia hapo. Na jambo la ng'ombe alilijua kwa njia hiyo hiyo, ingawa safari hiyo tulichelewa wote pamoja.

Ilikuwa upande wa Nyamira, kwenye milima ya chai, msimu wa mvua nyingi. Mpango wa kuhamisha watu tulikuwa nao, umechapishwa na una jalada. Ulisema watu waende shule, wapewe blanketi, wapikiwe uji, waandikishwe. Tuliufuata hatua kwa hatua. Kufikia saa saba mchana familia zote za kwenye ule mteremko zilikuwa madarasani, na sisi tulikuwa tunapongezana.

Ilipofika saa kumi na moja jioni, saa ya kukamua, wanawake wakaanza kusimama. Hawakuaga mtu. Kila mmoja alichukua ndoo yake akashika njia ya kupanda. Wanaume wakawafuata na mapanga ya kukatia majani. Naibu wa chifu wa huko alisimama katikati ya njia amenyoosha mikono.

“Mnaenda wapi? Mlima unakuja!”

“Na uje,” alisema mama mmoja bila kupunguza mwendo. “Wangu amejaa maziwa tangu asubuhi. Unamsikia? Analia.”

“Nimesema hakuna kupita.”

“Basi panda wewe ukamkamue. Ndoo hii hapa.”

Watu wakacheka, naibu naye akashusha mikono. Walipita wote. Kabla giza halijaingia kipande cha mlima kilishuka, na mwanamume mmoja akavunjika mguu akiwa anamfungua ndama. Hakuna aliyekufa. Lakini sisi tuliokuwa hapo tulijua kwamba hatukuwa tumemwokoa mtu yeyote siku hiyo. Mlima ulikuwa umeteremka mahali ambapo hapakuwa na watu wengi, basi.

Asubuhi yake Bi Kerubo aliuweka mpango wetu wenye jalada mezani, akaniambia tutafute neno ng'ombe ndani yake. Tulisoma kurasa zote. Kulikuwa na blanketi, sabuni, hata maua ya kupamba jukwaa la mgeni wa heshima siku ya mazoezi. Ng'ombe hakuwamo.

“Umewahi kuona boma la huku lisilo na ng'ombe?” aliniuliza. “Hata mmoja?”

“Machache sana.”

“Basi huu mpango ni wa watu wa mahali pengine. Ni mzuri. Uwapelekee.”

Tulikaa siku kadhaa tukauandika upya. Ng'ombe wanatangulia. Kila shule ya kuhamia iwe na uwanja wenye miti au nguzo za kufungia. Nepia inunuliwe kabla ya unga. Watu wakikuta ng'ombe wao amefungwa shuleni na ana majani mbele yake, hawatakuwa na sababu ya kupanda tena mlimani saa ya kukamua. Watoto nao hupata maziwa.

Mwaka uliofuata mkaguzi wa hesabu alikuja akakuta risiti ya nepia katika vitabu vyetu. Aliivua miwani, akaivaa, akauliza ofisi ya maafa inafuga nini. Bi Kerubo alimweleza, kwa utaratibu, tangu ndoo hadi mguu uliovunjika. Yule bwana akachukua kalamu yake.

“Mama yangu ana mmoja,” alisema. “Anamwita kwa jina. Huyo hamtamtoa hata kwa bunduki.” Akapiga tiki. Tangu hapo hatukuulizwa tena, nami namshukuru mkaguzi huyo hadi leo, kwa sababu angeweza kutusumbua na angekuwa ndani ya haki yake.

Bi Kerubo alipostaafu, akaenda kulima ndizi zake Suneka, aliniachia kamba. Zilikuwa za katani, zimekatwa urefu wa kumwongoza ng'ombe mmoja mmoja, kila moja na kitanzi kilichoshonwa mwishoni. Alizifunga chini ya gurudumu la akiba la pikapu, mahali ambapo mtu hawezi kuzikopa akasahau kuzirudisha. Tulifanya nazo mazoezi mara nyingi. Majirani waliona ni mchezo kutuona watumishi wa serikali tumevaa jaketi za kung'aa tukiswaga ng'ombe wa kukodi kuzunguka uwanja wa shule. Vijana walituimbia. Ng'ombe mmoja alinikanyaga kidole, na ukucha haukurudi ulivyokuwa.

Kulikuwa na mpango mwingine wa ofisini ambao haukuandikwa popote. Wenzangu wengi walikuwa Wasabato, na kanisa langu ni la Jumapili. Kwa hiyo zamu ya Jumamosi ilikuwa yangu siku zote, ya Jumapili ilikuwa yao, na ya Krismasi tuliigombania. Ndiyo maana simu ya Mogaka ilinikuta mimi. Na ndiyo maana sikushangaa aliposema hakuna anayeshika simu. Mteremko ule wote ni wa Wasabato. Siku ya Sabato simu huzimwa au huachwa nyumbani, na ujumbe wetu wa tahadhari, ambao Jumanne ungesomwa na kila mtu kabla chai haijapoa, Jumamosi asubuhi hulia ndani ya nyumba zisizo na watu.

Jina la kijiji sitalitaja. Watu bado wanaishi huko, na hawapendi kuitwa watu wa maporomoko.

Tulifika pamoja na mafungu yetu ya nepia wakati mahubiri yamekolea. Mogaka alikuwa ametusubiri barabarani. Nilimpa filimbi, kipaza sauti na uzi mpya wa kukaza kwenye vigingi, nikamwomba arudi mahali ambapo angeuona ufa bila kuwa chini yake. “Uzi ukikatika, au ukiona mti unainama, piga filimbi usiache,” nilimwambia. “Usishuke kuja kunieleza.”

Mlangoni mwa kanisa alisimama mama shemasi, Kwamboka, ambaye tulifahamiana tangu mazoezi. Alitazama gambuti zangu zilizojaa matope, kisha uso wangu, akanipisha. Mbele alikuwa mzee wa kanisa Getenga, mwalimu mstaafu. Aliponiona alisita.

“Ouma?” alisema kwenye maikrofoni. “Leo mtu wa ziwani ameamua kuokoka?”

Kanisa zima likacheka.

“Bado, mzee. Naomba dakika moja.”

Hapa kuna jambo la kukumbuka. Mwambie mtu kwanza aende wapi, ndipo umwambie kwa nini. Ukianza na kwa nini, kila mmoja atakimbilia nyumbani kwake kabla hujamaliza. Kwa hiyo nilisema: “Sote tunaenda uwanja wa shule ya msingi, kwa njia ya chini, sasa hivi. Watoto na wazee wanafuatana na mama shemasi. Ng'ombe wanatangulia, na majani yao yako kwenye gari. Ufa wa juu umefunguka.”

Nilisikia mvua ikianza juu ya mabati. Kisha mwanamume mmoja aliyekaa nyuma akasimama.

“Mzee Getenga, leo ni Sabato. Kuswaga ng'ombe ni kazi. Au nimesahau?”

Hakuwa anafanya mzaha. Nilimwona Getenga akifunga Biblia yake polepole, nami nikamwachia yeye, kwa sababu hili mimi nisingeweza kulijibu. Mtu wa Jumapili hana sauti hapo.

“Hujasahau,” alisema Getenga. “Lakini Bwana mwenyewe aliwauliza kama ng'ombe wao akitumbukia shimoni siku ya Sabato hawatamtoa. Leo shimo ndilo linalomfuata ng'ombe. Tutafunga kwa sala fupi.” Akafumba macho. “Amina. Tokeni.”

Sijawahi kusikia sala fupi kama ile, na sijawahi kuwa na shukrani kama ile kwa mhubiri.

Mtaniuliza kama ni sawa kumruhusu mtu apande chini ya ufa kumfuata ng'ombe. Wangepanda hata ningekataza, nilishaona Nyamira. Tofauti ni kwamba hapa walipanda kwa njia moja, mtu mzima mmoja kutoka kila boma, kila mmoja na kamba mkononi, na juu yao yupo mtu anayeutazama ufa. Nilisimama kwenye njia panda nikiwahesabu wanaopanda na wanaoshuka. Walishuka haraka, wakiwa na suti na vitambaa vyeupe vya kichwani, wakiwavuta ng'ombe kupitia migomba, na wengi waliona haya kidogo kuonekana hivyo. Onchiri aliwapokea barabarani kwa kelele zake za kawaida. “Huyu ni wa nani? Mbona amenona kuliko mwenyewe?”

Baadaye wote walikuwa wameshuka isipokuwa mtu mmoja. Mogaka alinipigia simu kutoka kule juu.

“Ni Mama Moraa. Yule omong'ina wa nyumba ya mwisho. Amekaa zizini, amekataa kutoka. Nishuke nimbebe?”

“Wewe baki na ufa. Nakwenda mimi.”

Omong'ina ni mama mzee, na Mama Moraa alikuwa mama mzee kweli, mjane aliyeishi na mjukuu wake Nyaboke, msichana aliyekuwa chuo cha ualimu. Nyumba yao ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na ufa. Nilimkuta ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, na gauni lake la Sabato, mkono mmoja juu ya mgongo wa ng'ombe mweusi mwenye tumbo kubwa.

“Mama, mbona umekaa?”

“Nimekaa kwangu. Wewe umepotea?”

“Wenzako wote wameshuka na ng'ombe wao.”

“Wao hawana mimba. Huyu amebakiza wiki chache, mwanangu. Njia ni utelezi mtupu. Akianguka, atatupa ndama, na huyu ndiye karo ya Nyaboke. Maziwa yake ndiyo yanamweka chuoni. Nikimpoteza, mtoto anarudi nyumbani.”

“Na wewe ukianguka?”

“Mimi sitoi maziwa.”

Alilisema hilo bila uchungu, kama mtu anayetaja bei. Mogaka alikuwa na haki kisheria kumbeba. Angempeleka hadi shuleni, na baada ya nusu saa angemkosa. Nilitazama njia. Alikuwa amesema kweli. Miguu ya ng'ombe wote waliotangulia ilikuwa imeigeuza kuwa tope laini, na sehemu ya juu ilikuwa na mwinuko ambao hata mimi niliupanda nikishika migomba.

Nilimpigia Onchiri. “Leta nepia yote iliyobaki. Na wanaume wanne wenye nguvu.”

“Ng'ombe wa huku wanaipenda, mkubwa. Watalalamika.”

“Walalamike.”

Wale wanaume walikuja wakikimbia, kila mmoja na fungu begani. Tulitandaza nepia kwenye ile njia, mashina yakilala kukatisha mteremko, tabaka juu ya tabaka, kama ngazi ya majani. Kamba moja tulimfunga ng'ombe mbele na mbili nyuma, za kumzuia asishuke kwa kasi. Mmoja wa wale wanaume akashika ile ya mbele.

“Lete hapa,” alisema Mama Moraa. “Wewe hujui anavyotembea. Atakufuata wewe kwani umempa nini?” Akachuma majani ya viazi vitamu kandokando ya zizi, akashika kamba, akatangulia.

Alipofika mbele ya jiko akasimama. “Nifunge jiko. Chakula cha Sabato kiko ndani.” Alivuta mlango. Haukuingia. Akausukuma kwa bega, haukuingia.

“Tangu lini hauingii, mama?”

“Alhamisi. Umevimba kwa mvua.”

Nilitazama ile fremu. Upande mmoja ulikuwa umeshuka kuliko mwingine. “Mama Moraa,” nilimwambia, “acha jiko. Twende na ng'ombe.”

Nadhani alisikia kitu katika sauti yangu. Hakubisha. Alianza kushuka, akimnong'oneza yule ng'ombe maneno ya Ekegusii ambayo sikuyajua na sikuyauliza, akimwonyesha majani ya viazi na kuyarudisha nyuma kidogo kila alipoyafikia. Ng'ombe alijaribu ukwato wa kwanza kwenye nepia, akangoja, akaweka wa pili. Wale wanaume nyuma walijikaza kwa visigino. Nilitembea kando ya Mama Moraa nikisikiliza filimbi, na nilikuwa nimeshaamua kwamba ikilia nitamshika mkono yeye, ng'ombe abaki.

Filimbi ililia tulipokuwa tumekanyaga barabara. Mogaka aliipiga bila kukoma, kama nilivyomwomba. Halafu ukaja mlio kama wa lori linalomwaga kokoto, na migomba ya juu ikaanza kutembea ikiwa imesimama wima. Ikaenda hivyo kwa muda, kisha ikalala. Jiko liliondoka pamoja na zizi na choo. Tope lilisimama chini ya dirisha la nyumba ya Mama Moraa, likafunika mahindi na migomba ya jirani yake wa chini, likakoma.

Mama Moraa alitazama, kamba ikiwa bado mkononi. Alichosema kwanza ni, “Mpeni maji.” Tulidhani anataka kunywa. Alikuwa anamaanisha ng'ombe.

Jioni, watu wakiwa wamekaa madarasani na ng'ombe wamefungwa kuzunguka uwanja, nilimpigia Bi Kerubo kule Suneka. Naye ni Msabato, lakini jua lilikuwa linakaribia kuzama na alikuwa amewasha simu mapema kidogo. Nilimwambia mlima umeshuka Marani.

“Ng'ombe walitoka?” aliuliza.

“Wote.”

“Basi watu wako salama,” alisema. Akaniuliza kama nimeanika hema.

Mogaka sikumsifu vya kutosha siku ile, kwa hiyo namsifu hapa: alisimama kwenye mvua akitazama uzi, peke yake, bila kuondoka. Getenga, Kwamboka, Onchiri na wale wanaume wanne nao nawashukuru. Yule ng'ombe alizaa salama, ndama jike. Nyaboke alimaliza chuo. Jiko jipya limejengwa kwenye kipande cha tambarare karibu na barabara, na mlango wake unafungika. Mimi huujaribu kila nikipita, na Mama Moraa hunifukuza.

Lakini kabla ya hayo yote tathmini ya hasara ilibidi ifanywe Jumatatu iliyofuata, na mimi na Mogaka tuliketi na Mama Moraa kwenye dawati la darasa la tatu, magoti yetu yamefika kidevuni. Kwenye nafasi ya waliofariki niliandika sifuri. Ya waliojeruhiwa, sifuri. Ya mifugo iliyopotea, sifuri. Nilimsomea mengine: jiko, zizi, choo, sufuria, mahindi na migomba ya jirani.

“Umeandika kuku?” aliuliza.

“Mifugo nimeandika sifuri, mama. Kuku wako wote niliwaona.”

“Si hao. Jogoo wa Sabato. Nilimpika Ijumaa, alikuwa ndani ya sufuria.”

“Sufuria nimeiandika.”

“Sufuria ni sufuria, jogoo ni jogoo.”

“Ni wa bei gani?”

“Mia nane.”

“Mama,” Mogaka akaingilia, “jogoo huyo sokoni ni mia sita.”

“Akiwa hai. Huyu alikuwa na vitunguu.”

Niliandika mia nane, nikajumlisha upya, nikampa asome. Alisoma kila mstari, akaweka sahihi. Hasara yote ya siku ile, jogoo na vitunguu vyake vikiwa ndani, ilikuwa shilingi elfu tisini na moja na mia tatu.